Wanaopitisha sheria za kodi watuonyeshe ritani zao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba kodi ya mwanasiasa ni siri kati yake na mamlaka ya mapato, na kwamba sisi tunaotaka kuijua tunasukumwa na wivu. Barua yake naiheshimu, na ina hoja moja nzito nitakayoijia baadaye. Lakini mimi ni mhasibu. Riziki yangu inatokana na kujaza ritani, yaani fomu za kila mwaka za kutangaza mapato na kodi, za watu wenye biashara ndogo, na ninayoyaona mezani kwangu hayaniruhusu kunyamaza.

Nianze na risiti. Wengi hawajui kwamba risiti ya mashine, ile ya karatasi laini inayong'aa, haidumu. Haichapwi kwa wino. Maandishi yake hutokea pale joto linapoigusa karatasi, na joto hilohilo, au jua, au mfuko wa plastiki, huyafuta baada ya muda. Mteja wangu mmoja, fundi samani, alikaguliwa hesabu za miaka ya nyuma. Akaleta boksi lake: risiti za mbao, za gundi, za vanishi, zimefungwa kwa mpira mwezi kwa mwezi. Mtu mwenye mpangilio kuliko wasomi wengi ninaowafahamu. Tulipofungua, karibu nusu zilikuwa karatasi nyeupe. Hakuna tarehe, hakuna jina la muuzaji, hakuna kiasi. Mkaguzi akazikataa, na kisheria hakukosea, maana gharama isiyo na ushahidi haihesabiwi. Fundi akatozwa kodi kana kwamba mbao zile aliokota, na juu yake adhabu na riba. Alilipa kwa mafungu mpaka akamaliza. Siku aliyokuja kusaini karatasi ya mwisho aliniuliza kwa upole kabisa: "Mama, na hawa waliotunga sheria hii, risiti zao anazikagua nani?"

Msomaji mwenzangu, swali hilo halina wivu ndani yake. Anayeuliza ameshalipa.

Sasa tuitazame karatasi nyingine. Mwaka 1969 Richard Nixon, rais wa Marekani, aliitolea Hifadhi ya Nyaraka ya taifa shehena ya nyaraka za enzi zake za umakamu wa rais. Wakati ule aliyetoa zawadi ya namna hiyo aliruhusiwa kuipunguza thamani yake kutoka kwenye mapato yanayotozwa kodi, na nyaraka hizo zilithaminishwa kuwa za dola 576,000. Desemba mwaka huohuo Bunge lilibadili sheria: zawadi za aina hiyo zilizotolewa baada ya Julai 25, 1969 hazitapata tena unafuu. Aliyetia saini sheria hiyo ni Nixon mwenyewe. Hati ya kukabidhi nyaraka ilikuwa na tarehe ya Machi 27, 1969, yaani miezi minne kabla ya mlango kufungwa. Uchunguzi ulipofanyika ikabainika kwamba hati hiyo ilisainiwa Aprili 1970, kisha ikaandikwa tarehe ya mwaka uliotangulia. Mwanasheria wa Ikulu aliyeisaini, Edward Morgan, alikiri kosa na akafungwa.

Matokeo ya karatasi ile ni haya: kwa mwaka 1970 rais ambaye mshahara wake pekee ulikuwa dola 200,000 alilipa kodi ya mapato ya dola 792.81. Mwaka 1971 akalipa dola 878.03. Wananchi walizijua tarakimu hizi Oktoba 1973, baada ya mwandishi Jack White wa gazeti la Providence Journal kuzichapisha. Mwezi huohuo makamu wake, Spiro Agnew, alijiuzulu na kutopinga shtaka la kukwepa kodi. Aprili 1974 kamati ya pamoja ya Bunge ilihesabu upya kodi ya Nixon na kukuta anadaiwa dola 476,431 pamoja na riba. Na bado, Julai mwaka huo, Kamati ya Sheria ya Bunge ilipopigia kura vifungu vya kumshtaki ili aondolewe madarakani, kifungu cha kodi kilianguka kwa kura 26 dhidi ya 12.

Nimeikalia habari hii ya zamani kwa makusudi. Katika kazi yangu tarehe ndiyo kila kitu. Mteja akichelewa kuwasilisha ritani kwa siku moja, mfumo unamtoza adhabu kabla hata mimi sijafungua kompyuta. Haujali kama alikuwa hospitalini. Nimewahi kumwandikia maombi ya kusamehewa mtu aliyekuwa anauguza mzazi, nikaambatanisha vyeti vyote, yakakataliwa kwa mstari mmoja. Kwa hiyo ninaposoma kwamba karibu na kiti cha rais palikuwa na mtu wa kuirudisha tarehe nyuma kwa mwaka mzima, naelewa vizuri kwa nini fundi wangu aliuliza alichouliza.

Hata bila kughushi chochote, anayetunga sheria anaijua tarehe yake kabla yetu. Hapo ndipo penye uzito, na ndipo msomaji mwenzangu hakupatazama. Sigmundur Davíð Gunnlaugsson, aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Iceland, alikuwa na nusu ya kampuni iliyosajiliwa ughaibuni. Nusu nyingine ilikuwa ya mwenza wake. Hisa zake alimuuzia mwenza wake kwa dola 1. Siku ya mauzo ilikuwa Desemba 31, 2009. Siku iliyofuata ilianza kutumika sheria mpya ambayo ingemlazimu, kama mbunge, kutangaza maslahi yale. Wananchi walikuja kuyajua Aprili 2016, zilipovuja nyaraka za Panama, yaani nyaraka za siri za kampuni ya uwakili iliyosajilia watu kampuni za ughaibuni, na ndani ya siku chache maelfu walikuwa mbele ya Bunge naye akaachia madaraka. Yeye na mwenza wake walisema kodi yote ililipwa. Tuseme ililipwa. Ile dola 1 na ile Desemba 31 zinabaki, na hakuna mteja wangu hata mmoja ambaye angeweza kujipangia siku namna hiyo, kwa sababu sheria mpya sisi tunazisikia redioni zikiwa tayari zimeanza kutukata.

Naomba nieleze jinsi habari kama hizi zinavyofika mezani kwangu, maana watu hudhani uaminifu wa walipakodi ni jambo la hotuba. Kila habari ya kigogo na kodi inapolipuka, popote duniani, siku chache baadaye mteja mmoja au wawili huvuta kiti karibu na kushusha sauti. Hawasemi "nataka kukwepa kodi". Husema, "Ile kazi niliyolipwa taslimu, ni lazima iingie?" Nami nawajibu kwamba ni lazima, na nawaeleza sababu, na mwaka baada ya mwaka sababu zangu zinazidi kuwa ngumu kuzisema nikiwatazama usoni. Wengine huondoka wakaenda kwa mhasibu asiye na shida kama mimi. Simlaumu mtu kwa kuchoka. Mlipakodi mdogo hana namna ya kujua kama nchi nzima inalipa sawa. Anachoweza ni kutazama walio juu yake na kukisia. Akikisia kwamba wao hawalipi, atapunguza chake kwanza, ndipo aje kwangu kutafuta maneno ya kuhalalisha.

Kuna mmoja ambaye kila mhasibu anapaswa kumjua. Jérôme Cahuzac aliteuliwa waziri wa bajeti wa Ufaransa mwaka 2012, na kazi yake ilijumuisha kuwasaka wakwepa kodi. Desemba mwaka huo gazeti la mtandaoni la Mediapart liliandika kwamba ana akaunti ya siri Uswisi. Akasimama bungeni na kusema mbele ya wabunge kwamba hana na hakuwahi kuwa na akaunti nje ya nchi. Machi 2013 alijiuzulu, na Aprili 2 akakiri. Zilikuwa takriban euro 600,000, na fedha zilikuwa zimeshahamishiwa Singapore. Mwaka 2016 mahakama ilimhukumu kifungo. Wiki zile alizokuwa akikana, maofisa wa kodi waliokuwa chini yake waliendelea kupeleka barua za madai kwa watu. Sijui anayepokea barua kama hiyo baadaye ajisikieje, na nadhani hakuna anayepaswa kumdai heshima.

Lakini kuhusu Ufaransa nina la kusifu pia, na nalisema kwa sababu sitaki barua hii iwe ya malalamiko matupu. Baada ya kashfa ile walitunga sheria Oktoba 2013 na kuunda mamlaka huru ya kupokea matamko ya mali ya viongozi. Mwaka 2017 wakaongeza jambo ambalo mimi nalipenda zaidi: mbunge anapoanza kazi, idara ya kodi hutoa hati kusema kama ametimiza wajibu wake. Kama hajatimiza, hupewa muda wa kurekebisha. Asiporekebisha, suala linapelekwa Baraza la Katiba. Wengi walidhani hayo ni maneno ya kitabuni, mpaka Julai 2018, Baraza hilo lilipomvua ubunge Thierry Robert wa kisiwa cha Réunion na kumzuia kugombea kwa miaka 3. Hakuiba fedha za umma. Hakuwa ametimiza wajibu wake wa kodi, basi. Fundi wangu angeielewa hukumu ile bila mimi kumfafanulia neno.

Sasa nije kwenye hoja nzito ya msomaji mwenzangu, ile ya faragha. Anasema mwanasiasa naye ni mtu, ana watoto, na mapato yake yakianikwa wataandamwa na majambazi na ndugu wenye shida. Hilo ni kweli, na sipendekezi namba ya akaunti ya mtu au anwani yake ichapishwe. Ila kuna nchi zimekwenda mbali kuliko ninavyoomba mimi. Norway huweka wazi mapato, mali na kodi ya kila mlipakodi, tajiri kwa maskini, na desturi hiyo ni ya zamani sana. Finland nayo hutoa takwimu za kodi za watu kila Novemba. Wanorwei waliona watu wanapekuana kwa umbeya, wakatafuta dawa: tangu 2014 anayetazamwa anaweza kujua nani amemtazama. Upekuzi ukapungua sana, na uwazi ukabaki. Kwa raia wa kawaida mimi hata hayo siyaombi. Nawaomba wale tu wanaopiga kura kuamua fundi alipe kiasi gani. Faragha yangu mimi ilikwisha siku niliyopewa namba ya mlipakodi. Serikali inajua kila senti inayopita kwangu. Anayeisimamia serikali hiyo hawezi kuniambia kwamba zake haziulizwi.

Pia anasema kosa dogo la kujaza fomu litatumiwa kumchafua mtu mwema. Hapa namwelewa, maana fomu nazijua. Septemba 2025 naibu waziri mkuu wa Uingereza, Angela Rayner, alijiuzulu kwa sababu ya kodi ya ununuzi wa nyumba aliyoilipa pungufu kwa takriban pauni 40,000. Aliyechunguza suala lake aliona kwamba alikuwa na nia njema, ila alikuwa ameambiwa atafute mtaalamu wa kodi na hakufuata ushauri huo. Ukilinganisha na Nadhim Zahawi wa nchi hiyohiyo utaona tofauti. Yeye alikuwa waziri wa fedha mwaka 2022 na ndani ya wadhifa huo akamalizana na idara ya kodi iliyokuwa chini ya wizara yake, pamoja na kulipa adhabu, bila umma kuambiwa. Januari 2023 alifukuzwa serikalini baada ya uchunguzi kuona kwamba hakuwa mkweli kuhusu jambo hilo. Kesi hizi mbili hazina uzito sawa hata kidogo, na tunaweza kuzitofautisha kwa sababu hatimaye tulizisoma. Uwazi unamlinda aliyekosea fomu kuliko unavyomdhuru. Gizani wote wawili ni wezi tu midomoni mwa watu.

Wapo watakaosema viongozi wahimizwe watangaze kwa hiari yao. Hiari tumeiona. Marekani ilikuwa na desturi, iliyozaliwa na aibu ya Nixon, kwamba wagombea urais huonyesha ritani zao. Haikuwa sheria. Mwaka 2016 Donald Trump alikataa na akashinda. Kulikuwa pia na mwongozo wa idara ya kodi yao, wa tangu 1977, kwamba ritani za rais zikaguliwe kila mwaka. Nao haukuwa sheria. Desemba 2022 kamati ya Bunge ilieleza kwamba miaka miwili ya kwanza ya Trump ukaguzi haukufanyika. Ulianza Aprili 3, 2019, siku ileile mwenyekiti wa kamati alipoandika barua kuziomba ritani hizo. Mtumishi wa kodi ni mtu mwenye mshahara na familia. Ukimwachia mwongozo bila sheria ya kumkinga, usitegemee ambishie mlango bosi wa bosi wake.

Na kwa wanaodhani haya ni mambo ya nchi tajiri, kuna Pakistan. Mwaka 2012 mwandishi Umar Cheema alikusanya taarifa na kuonyesha kwamba takriban asilimia 70 ya wabunge wao hawakuwasilisha ritani kwa mwaka uliotangulia. Hawakuwasilisha kabisa, na walikuwa wakipitisha bajeti. Februari 2014 mamlaka ya mapato ilianza kuchapisha kitabu chenye jina la kila mbunge na kodi aliyolipa. Jina, kiasi, basi. Baadaye wakachapisha na walipakodi wengine. Na katiba ya Kenya ya 2010, katika Ibara ya 210, imepiga marufuku sheria yoyote kumsamehe kodi ofisa wa serikali kwa sababu ya cheo chake au aina ya kazi yake. Kabla ya hapo posho nono za wabunge hazikuguswa. Katiba ikiwa tayari imesema hivyo, wapo wabunge waliopinga walipoandikiwa madai mwaka 2011. Ndiyo maana naona ibara haitoshi mpaka wananchi wapate kuona risiti ya malipo yenyewe.

Matamko ya mali, ambayo nchi nyingi zinajivunia, hayalijibu swali la fundi. Tamko linaeleza mtu anamiliki nini: nyumba tatu, magari mawili, shamba. Halielezi kama pato la pango la nyumba zile liliwahi kuingia kwenye ritani. Nami najua, kwa kazi yangu, kwamba fedha hupotelea pale pale katikati. Tena matamko mengi hufungiwa kabatini, na mwananchi anayetaka kuyaona hujazishwa fomu kana kwamba ndiye mshukiwa.

Ninachoomba kinaingia kwenye karatasi moja kwa kila mbunge, waziri na mkuu wa nchi, kila mwaka. Mapato yake yaandikwe kwa aina: mshahara, posho, pango, gawio, faida ya kuuza mali. Yaandikwe makato na misamaha aliyodai, kila mmoja na kifungu cha sheria kilichomruhusu, na hapa ndipo nisingekubali kufumba jicho, maana msamaha ndio unaopenyezwa usiku wa mwisho wa mjadala wa bajeti. Iandikwe kodi aliyolipa na tarehe aliyolipa. Kampuni anazomiliki yeye au mwenza wake zitajwe, hata zilizosajiliwa nje. Kisha mamlaka ya mapato iweke muhuri kwamba karatasi hiyo inalingana na ritani iliyo kwenye mfumo wake. Atakayekuwa na pingamizi na mamlaka hiyo aruhusiwe kuliandika, kwa sababu pingamizi ni haki ya kila mlipakodi. Asiyeweka karatasi yake mezani asipige kura siku ya muswada wa fedha. Kura nyingine apige, hiyo asipige.

Kazi ya kuijaza si kubwa. Mtu ambaye ritani yake imenyooka, mimi namjazia asubuhi moja.

Mwisho nina ombi kwako, Mhariri. Uchaguzi unapokaribia, gazeti lako huwauliza wagombea kuhusu barabara, maji na ajira. Tafadhali ongeza swali moja kwa kila mgombea: mwaka jana ulipata kiasi gani, na ulilipa kodi kiasi gani? Chapisha majibu yao kwa jina na jimbo, na asiyejibu mwandike kwamba aliulizwa na hakujibu. Ukurasa huo nitaubandika ukutani ofisini, mahali ambapo mteja anayesubiri zamu yake anaweza kuusoma.

Wako,
Mhasibu wa wafanyabiashara wadogo